Kwa Hiari Yangu

Didia, 17 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo. Mama mkwe ametoka na ndoo zote, hata ile iliyotoboka, akazipanga chini ya bati. Nilipomuuliza ndoo mbovu ni ya nini, akanicheka na kusema neno la Kisukuma ambalo sikulielewa. Nina miaka saba katika nyumba hii na bado yapo maneno yananipita. Kwetu Ushirombo tunasema Kisumbwa. Wanasema lugha zetu ni ndugu, lakini ndugu nao wana siku zao za kutoelewana.

Naandika kwa sababu Ignas hapatikani kwenye simu tangu mwishoni mwa Oktoba, na hapa sina mtu wa kuzungumza naye kwa kirefu. Hosiana, mtoto wetu, ana miaka sita, na mazungumzo yake ni ya mbuzi na shule. Mama mkwe akianza kuzungumzia mwanawe hulia, kwa hiyo namnyamazia.

Mume wangu ni fundi wa mashine za kuchoronga, yaani kutoboa, miamba. Kazi aliijulia Rwamgasa, alikoingia kwanza kama mchimbaji wa kawaida kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na aliyemtoa shimoni akamfundisha mashine ni Valerian, jirani yetu, mume wa Euphrasia. Mwaka jana wakala mmoja wa Geita aliwapatia wote wawili kazi nje, nchi ya mbali huko magharibi, nchi ya mchanga na dhahabu. Jina lake siliandiki. Nchi hiyo inagombana na jirani yake juu ya mpaka, na mgodi wao uko palepale penye ugomvi. Ignas alikuwa akinisimulia mambo hayo kama mtu anayesimulia mechi ya mpira. Kila upande aliuona umekosea, maana ndivyo alivyo: hakuna jambo ambalo Ignas hawezi kulibishia. Ukimwambia leo kuna joto, atakuuliza umepima na nini.

20 Novemba

Kulima. Hakuna simu.

24 Novemba, Jumapili

Baada ya misa nilimsubiri Euphrasia nje ya kanisa. Naye Valerian hajampigia. "Labda mnara umeharibika," akasema. Nikasema labda. Tukasimama pale tukisaidiana kuuharibu mnara huo, mara upepo, mara radi, mpaka tukaishiwa.

3 Desemba

Wamekamatwa. Wakala amempigia Maganga, mwenyekiti wetu wa kijiji, kwa sababu mimi na Euphrasia aliogopa kutupigia. Wanajeshi waliingia kambini wakawachukua wachorongaji wote wa kigeni. Wanasema mgodi ulikuwa ukitumiwa na nchi jirani kupeleleza mpaka. Maganga aliyasema haya akiwa amevua kofia.

Mama mkwe hakulia. Alienda zizini akakaa na mbuzi hadi jua likazama.

5 Desemba

Nimepiga wizarani, Dodoma. Dada mmoja amenipokea vizuri, ameandika majina yote mawili, amesema wanafuatilia. Nimemshukuru mara nyingi mno, mpaka nikajionea aibu.

12 Desemba

Leo nimemwona mume wangu.

Nilikuwa kitaluni namwagilia miche ya mpunga, mara mtoto wa dukani kwa Maganga akaja mbio. Dukani kulikuwa kumejaa watu kama siku ya fainali. Waliponiona wakanipisha, hakuna aliyenisalimu, na Maganga akanipa simu yake mkononi badala ya kusema.

Ni video. Ignas amekaa kwenye kiti cheupe. Nyuma yake kuna bendera. Amevaa shati la kijani ambalo si lake, limefungwa kifungo hadi shingoni. Anazungumza Kiswahili, na chini yanapita maandishi ya lugha ya huko. Nimeitazama mara nyingi mpaka naijua kama sala:

"Mimi, Ignas, kwa akili timamu na kwa hiari yangu, bila kushurutishwa na mtu yeyote, nakiri kwamba nilitumwa kuchora ramani ya vituo vya jeshi kwa ajili ya adui. Aliyeniingiza katika kazi hii na aliyekuwa kiongozi wetu ni Valerian. Naomba radhi kwa wananchi. Nimetendewa kwa utu na heshima."

Basi. Halafu anatazama pembeni kama mtu anayesubiri kuambiwa aondoke.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe." Neno hilo moja tu. Maganga, ambaye si mtu mbaya, akasema, "Mama Hosiana, pole. Lakini mtu mzima hawezi kukiri jambo ambalo hakulifanya. Mimi hata mnifanye nini, siwezi kusema nimeiba ng'ombe wakati sijaiba."

Nikamwambia, "Ignas hajui kuchora hata nyumba."

"Binadamu hujifunza, mama."

Niliporudi nyumbani mama mkwe alikuwa ameshaiona kwenye simu ya jirani. Hakuniuliza maneno yalikuwa yanasemaje. Alisema tu, "Lile shati limempwaya. Hawampi chakula."

13 Desemba

Nimewaza usiku kucha. Jambo moja: Ignas hasemi "ramani". Tangu nimjue ni "lamani", na nimemcheka sana kwa hilo, na yeye akabisha kwamba mimi ndiye ninayekosea. Kwenye video amesema "ramani", taratibu, r imesimama wima. Nani amemfundisha?

Nilimweleza hilo Telesphori, katekista wetu. Akanisikiliza kwa huruma yote, kisha akasema, "Mwaka mzima yuko na watu wengine, mama. Ulimi hubadilika." Nikaona jinsi jambo langu kubwa lilivyokuwa dogo mikononi mwa mtu mwingine.

15 Desemba, Jumapili

Euphrasia amepita mbele yangu kanisani kama anayepita nguzo.

16 Desemba

Nimeenda kwake. Amenifungulia, kwa hiyo siwezi kusema amenifungia mlango. Tulisimama kizingitini.

"Umekuja kuniambia mume wako hakusema?"

"Nimekuja kukuambia kwamba hayakuwa maneno yake."

"Mdomo ulikuwa wa nani?"

Akaendelea kwa sauti ya chini kabisa, maana Euphrasia hapandishi sauti hata akikasirika. "Valerian alimtoa mume wako chini ya ardhi akiwa hana hata buti. Kama Ignas amesema kweli, mume wangu ni jasusi. Kama amesema uongo, amemuuza mume wangu. Niambie nichague lipi, Mariana, nilichague."

Ni mara ya kwanza kuniita jina langu. Siku zote huniita Mama Hosiana.

25 Desemba

Krismasi. Mama mkwe amechinja jogoo. Tumekula watatu.

9 Januari

Kupandikiza kumeanza. Hapa wanawake tunapandikizana kwa zamu: leo jaruba la huyu, kesho la yule. Zamu yangu ilikuwa leo. Wamekuja wawili, na mmoja alikuja kwa sababu hakuwa amesikia. Sina wa kumlaumu. Hakuna aliyeniambia neno baya, wamepata tu kazi nyingine. Mama mkwe, na umri wake, aliingia kwenye tope na kuinama pamoja nami hadi saa tisa. Tulipotoka nikamwambia, "Wabeja, mayu." Asante, mama. Akanirekebisha matamshi.

18 Januari

Wamekuja vijana wawili wa serikali, wastaarabu, wakaomba maji ya kunywa. Waliuliza Ignas alikuwa mtu wa siasa? Alikuwa na marafiki wageni? Aliwahi kuniambia nifiche jambo? Nikajibu hapana, hapana, hapana.

Hapana ya tatu haikuwa kweli kabisa. Septemba aliniambia nisimwambie mtu kambi yao ilipo. Alisema ni amri ya kampuni, kwa ajili ya majambazi wa dhahabu. Wakati ule niliona ni jambo la kawaida.

19 Januari

Mvua.

20 Januari

Mvua. Nimeitazama tena video. Anagusa sikio la kushoto mara mbili. Labda ni ishara. Labda anaelekeza kwamba kuna mtu pembeni anayemwambia la kusema. Au labda sikio linawasha.

2 Februari, Jumapili

Nimeacha kuimba kwaya. Hawakunifukuza. Nilipokaa kwenye benchi la sauti ya kwanza, wenzangu walisogea, benchi likapwaya.

11 Februari

Leo niliandika mstari mmoja, nikaukata, sasa naurudia. Je, kama ni kweli?

Nimeishi na Ignas miaka saba, na katika hiyo, mingi alikuwa Rwamgasa na mwaka mmoja ughaibuni. Nikijumlisha siku alizolala kitandani mwetu, ninamjua mtu huyu kiasi gani? Ninajua anapenda michembe, vile viazi vikavu, iliyopikwa na karanga. Ninajua anakoroma. Hayo hata jasusi anaweza kuwa nayo. Nimekuwa nikiwatetea watu wawili, Ignas na yule mtu wa kwenye kiti cheupe, bila kuwa na hakika kama ni mmoja.

Wala sijui la kuomba nikipiga magoti. Awe hana hatia, basi amemsingizia rafiki yake. Awe na hatia, basi angalau hakusema uongo. Angalia mahali nilipofika: natamani mume wangu awe jasusi ili asiwe msaliti.

26 Februari

Mvua kubwa tangu asubuhi, njia imegeuka mto. Saa nane nikasikia hodi. Euphrasia, amelowa hadi kichwani, ameficha simu ndani ya mfuko wa sukari.

"Valerian ametokea," akasema.

Mama mkwe akampa kanga kavu. Tukakaa jikoni karibu na moto, sisi watatu, tukatazama. Kiti ni kilekile. Bendera ileile. Shati la kijani ni lilelile, ila kwa Valerian limembana, maana yeye ni mpana. Ana kovu jipya juu ya jicho.

"Mimi, Valerian, kwa akili timamu na kwa hiari yangu, bila kushurutishwa na mtu yeyote, nakiri kwamba nilitumwa kuchora ramani ya vituo vya jeshi kwa ajili ya adui. Aliyeniingiza katika kazi hii na aliyekuwa kiongozi wetu ni Ignas."

Mama mkwe, ambaye Kiswahili chake ni kidogo, alitaka tafsiri, nikamfasiria kwa Kisukuma changu kibovu. Akasikiliza, kisha akauliza, "Sasa nani alimwingiza nani?"

Euphrasia akaanza kucheka. Nami nikacheka. Tulicheka hadi tukashikana mabega, na machozi yakaja, na kwa muda huo mfupi sikuwa peke yangu. Tukaziweka simu mbili sambamba tukazicheza pamoja. Maneno yalikwenda kama watu wawili wanaosali rozari. Palepale anapovuta pumzi mmoja, na mwingine anavuta.

"Hotuba moja," Euphrasia akasema. "Wamebadilisha majina tu."

"Ndiyo."

Akaifunga tena simu yake kwenye mfuko. Mvua ilikuwa imepungua. Alipofika mlangoni akageuka, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Lakini wako alianza," akasema. "Wangu alikaa miezi miwili na zaidi kabla ya kumtaja wako. Ile miezi alikuwa anafanywa nini, Mariana?"

Akaondoka.

27 Februari

Kanga ameirudisha leo kwa mkono wa mtoto.

5 Machi

Jumatano ya Majivu. Padri ameniwekea majivu mengi, yameniingia machoni.

14 Machi

Nimempigia dada wa wizarani. Nimemweleza kwamba maungamo mawili yanapingana, kila mmoja anamtaja mwenzake kuwa kiongozi, na maneno yanafanana. Akasema, "Mama, sisi huku hatukuwahi kuyachukulia maungamo yale kama ushahidi. Yale si kwa ajili ya mahakama. Ni kwa ajili ya televisheni ya kule. Nchi hizi mbili zinavutana, na ndugu zetu ni kamba."

Nikamuuliza mbona hamjayasema hayo hadharani, hapa kijijini wasikie?

"Tukiwaumbua, watawaachia lini?"

Nikamwelewa. Lakini nilipokata simu niliona kwamba hata wanaojua, wanajua kimyakimya.

30 Machi, Jumapili

Mpunga unachanua. Ungekuwa mwaka mwingine ningesema ni mzuri.

12 Aprili

Kuamia ndege. Kwelea kwelea wanakuja kama moshi. Nashinda juu ya kichanja nikipiga debe na kupiga kelele. Hii ndiyo kazi inayonifaa. Mtu anapiga kelele siku nzima na hakuna anayemuuliza kwa nini.

20 Aprili, Pasaka

Maganga amekuja kwa pikipiki, amevaa suti ya misa, ameteleza kwenye tope karibu aanguke. Nchi zile mbili zimekaa mezani. Kila upande utaachia baadhi ya watu. Katika orodha ya kwanza Ignas yumo.

"Na Valerian?"

Akatikisa kichwa.

Mama mkwe alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Mimi nilikuwa nikiangalia nyumba ya Euphrasia. Mlango wake ulikuwa wazi. Halafu ukafungwa.

4 Mei

Ignas amefika. Wizara iliwaleta hadi Mwanza kwa ndege, na Maganga akaazima gari la kwenda kumchukua. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mgonjwa, mwenye makovu. Makovu yapo, lakini anatembea mwenyewe, na macho yake ni yaleyale. Alimwamkia mama yake shikamoo, akajibiwa marahaba, akapiga magoti. Hosiana akajificha nyuma yangu. Ignas akasema, "Hajambo mtoto," kama mgeni mwenye adabu.

Watu walijaa. Wote waliokosa zamu yangu ya kupandikiza walikuja na unga, na kuku, na sukari. Niliwakaribisha. Maganga akamwambia, "Pole sana, ndugu. Sisi hapa hatukuamini hata neno moja." Ignas akasema, "Ndiyo."

7 Mei

Anasema ndiyo kwa kila kitu.

Umelala vizuri? Ndiyo. Hukulala, nimekusikia. Ndiyo, sikulala. Chai ina sukari ya kutosha? Ndiyo. Nilikuwa nimesahau kuweka sukari. Jana mzee mmoja alimwambia kwamba mvua za mwaka huu zimekuwa kidogo, naye akakubali, na nje majaruba yamejaa maji hadi kwenye kingo. Ignas niliyeolewa naye angemtoa mzee yule nje akamwonyeshe.

10 Mei

Leo tukiwa shambani wawili tu, nikamuuliza kuhusu sikio.

"Sikio gani?"

"Kwenye video. Uligusa sikio mara mbili. Nilidhani unaniambia jambo."

"Sikukumbuka kama nina mke," akasema. "Nisamehe. Nilikuwa nataka kulala. Walisema nikisoma bila kukosea nitalala. Kulikuwa na mkalimani mmoja aliyekaa zamani Dar es Salaam, alikuwa akinirudisha kila nikikosea neno. Lamani, lamani. Anasema hapana, ramani. Tukarudia hadi ikatoka."

"Na jina la Valerian?"

"Lilikuwa limeshaandikwa."

Akainama akaendelea kukata mpunga. Baada ya muda akasema bila kuinua kichwa, "Sasa hivi nikiyakumbuka yale, naona picha. Naona Valerian ananipa karatasi ya lamani. Najua hakunipa. Lakini naiona."

Nilitaka kumshika. Nikaogopa kwamba nikimuuliza "nikushike?" atasema ndiyo.

11 Mei

Sikwenda kanisani.

24 Mei

Jambo la leo nataka kuliandika lote.

Tumevuna na mpunga tumeuanika uani juu ya maturubai. Uani kwetu kumezungushiwa minyaa, na nyuma kuna geti la miti ambalo lisipofungwa kwa kamba, mbuzi huingia. Ignas alikuwa ameketi barazani tangu chakula cha mchana, mimi pembeni yake napepeta, mama mkwe yuko ndani amejinyoosha.

Euphrasia akatokea uani. Alipitia nyuma ili asionekane na watu wa barabarani. Sijui alikuwa amesimama kwenye lile geti muda gani kabla ya kujitia moyo wa kuingia. Alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda mahakamani, gauni la heshima na viatu vya kufunika. Ignas akasimama na kuweka mikono nyuma. Ndivyo anavyosimama siku hizi.

"Karibu, shemeji," akasema.

"Sitakaa. Nimekuja na swali moja, Ignas. Miezi mitano nimelibeba. Nitakuuliza, utanijibu, nitaondoka." Akamkazia macho. "Mume wangu alifanya yale uliyoyasema?"

Kabla Ignas hajafungua kinywa tukasikia kelele. Mama mkwe alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma na kukuta mbuzi juu ya turubai, wote, wanakula na kukanyaga na kunya juu ya mpunga wetu wa mwaka mzima. Tukakimbia sote. Mama mkwe alikuwa akiwachapa kwa fagio na kupiga kelele, "Nani ameacha geti wazi? Nani? Nani ameliacha?"

"Ni mimi," Ignas akasema.

Alisema kwa sauti ya wazi. Nikageuka kumwangalia. Alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, anatazama mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Wewe baba wewe, umekaa barazani tangu mchana!" mama yake akasema.

"Ni mimi, mama. Nililifungua kwa mkono wa kulia. Nilikuwa peke yangu. Nilijua mbuzi wataingia, na nilikusudia waingie. Naomba radhi."

Mama mkwe alishusha fagio. Nikamwangalia Euphrasia. Kamba ya geti ilikuwa bado imo mkononi mwake, ameiviringisha kwenye vidole vyake bila kujua, tangu alipoifungua.

"Shemeji," akasema. "Ni mimi niliyeliacha. Tazama kamba hii."

"Hapana, shemeji. Ni mimi."

"Ignas. Nimepita mimi. Wewe hukuwepo."

"Nilikuwepo," akasema, na jasho lilikuwa likimtiririka. "Nakumbuka. Nililisukuma likatoa mlio. Ni kwa hiari yangu, hakuna aliyenishurutisha."

Hakuna aliyemuuliza tena kitu. Mbuzi mmoja alikuwa bado anatafuna. Euphrasia alisogea, akamshika Ignas mkono mmoja ulioko nyuma, akauleta mbele, kisha ule mwingine. Akaiweka ile kamba katika viganja vyake na kuvifunga, kama anayempa mtoto kitu asipoteze.

"Nimepata jibu langu," akasema.

Akavua viatu vyake, akachukua fagio mkononi mwa mama mkwe, akaanza kuukusanya mpunga. Nami nikachukua ungo. Tulichambua hadi jioni, punje safi huku, chafu kule. Ignas alirudi barazani na kamba yake.

25 Mei, Jumapili

Leo, baada ya matangazo ya kanisani, Euphrasia alisimama. Wanawake hawasimami wakati huo bila kuombwa. Alisema, "Mnanijua. Mume wangu alitajwa, na bado yuko ndani. Kama kuna mtu mwenye haki ya kumchukia Ignas ni mimi. Jana mtu yule alikiri mbele yangu kosa ambalo nimelifanya mimi. Alieleza hadi mkono alioutumia. Atakayesema tena kwamba mtu mzima hawezi kukiri jambo ambalo hakulifanya, aje kwangu nimweleze."

Akakaa. Maganga alikuwa akitazama kofia yake.

Baada ya misa mkuu wa kwaya akaniita. Nimesema nitafikiri.

1 Juni, Jumapili

Kila mtu sasa anajua kwamba hayakuwa kweli. Nilidhani siku hiyo ikifika nitakuwa na furaha. Nilipokuwa napigana na kijiji kizima nilikuwa na Ignas upande wangu, Ignas yule mbishi, kichwani mwangu, akinipa hoja. Nimeshinda, naye ameondoka. Huyu aliyeko barazani nampenda, lakini bado hatujafahamiana.

19 Juni

Orodha ya pili imetoka. Valerian anakuja wiki ijayo.

Euphrasia alikuja kuniambia, na badala ya kushangilia alikaa kwenye kinu kilicholazwa na kushika kichwa. Amefua mapazia, amepaka nyumba chokaa, amemwombea mwanawe Bujiku ruhusa shuleni. Sasa amemaliza kazi zote na hofu imempata.

"Atashuka nani pale Mwanza?" akauliza.

"Atashuka Valerian. Ila usimtegemee siku hiyohiyo."

"Nimuulize nini? Nianzie wapi? Nimuulize kama walimpiga?"

"Hapana."

"Nimuulize kama alimtaja Ignas kwa kutaka?"

"Hapana, Euphrasia." Nilipiga magoti mbele yake. Nilikuwa sijawahi kumfundisha mtu jambo lolote hapa Didia, kila kitu nimefundishwa mimi, namna ya kusalimu, namna ya kupanda, namna ya kutamka. "Usimuulize swali lolote linalojibika kwa ndiyo. Atakupa ndiyo nyingi, na hutajua uziweke wapi. Muulize, unataka kula nini? Halafu nyamaza. Usimtajie vyakula. Usimsaidie. Mwache alitafute jibu mwenyewe, hata likichukua asubuhi yote."

"Na asipojibu?"

"Pika chochote. Kesho muulize tena."

Akayarudia maneno hayo polepole, ayashike. Kisha akaondoka kupitia geti la mbele, barabarani, kila mtu akimwona.

Mimi nikaenda barazani. Ignas alikuwa akitazama majaruba, yamebaki mabua matupu, na ng'ombe wa watu wameingia kula. Nilikaa karibu yake.

"Unataka kula nini leo?" nikamuuliza.

Akageuka. Aliniangalia usoni kuona kama jibu limeandikwa pale, nami nikajitahidi lisiandikwe. Akatazama tena ng'ombe. Akafungua kinywa, akakifunga. Jua lilikuwa limeanza kuondoka ukutani na ndani moto ulikuwa bado haujawashwa.

Nikamsubiri.